Kompyuta ya Kituo Imepandishwa Toleo, Sasa Kivinjari Kinajifunga na Mtandao Haushiki: Tufanye Nini?



Katika toleo hili tutaeleza jambo ambalo vituo vingi vimeliuliza. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya kulinda mfumo wa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Kwa sababu hiyo kompyuta nyingi za ofisi na za vituo vya afya zimepandishwa kwenda Windows 11. Baada ya kazi hiyo malalamiko ni mawili: kivinjari kinajifunga chenyewe katikati ya kazi, au mtandao uliokuwa unashika vizuri sasa haushiki.

Mtu anaweza kuuliza: hili linahusu nini afya? Linahusu sana. Ripoti ya wiki ya magonjwa, hesabu ya chanjo na maombi ya dawa siku hizi hupita ndani ya kivinjari. Mwezi wa Mei 2015 kipindupindu kililipuka miongoni mwa wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Ugonjwa wa namna hiyo hausubiri kompyuta itengenezwe. Kituo kikinyamaza wiki mbili, wanaopanga dawa na maji hawajui kama pana usalama au pana hatari.

Mfumo endeshi ni nini?

Mfumo endeshi ni programu kubwa inayosimamia kompyuta nzima. Ndiyo inayopokea unachoandika, inayowasha skrini, inayozungumza na modemu, na inayogawa nafasi kwa programu nyingine. Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kama Chrome, Firefox au Edge. Kivinjari hukaa juu ya mfumo endeshi kama nyumba inavyokaa juu ya msingi.

Kati ya mfumo endeshi na vifaa kuna programu ndogo zinazoitwa draiva. Kila kifaa kina draiva yake: cha picha, cha sauti, cha waifai. Draiva ni kama mkalimani. Mfumo endeshi ukibadilika na mkalimani akabaki yule wa zamani, wawili hao hawaelewani. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya shida hizi. Sababu nyingine ni programu za zamani zisizokubaliana na mfumo mpya, mipangilio iliyobadilika, na kompyuta yenyewe kuwa dhaifu.

Kwanza kabisa: linda ripoti ambazo hazijatumwa

Kabla hujagusa chochote, soma sehemu hii mara mbili.

Vituo vingi vya Kenya, Uganda, Tanzania na nchi jirani hutumia mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, ambao chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Fomu zake mpya za kujazia takwimu zinaweza kujazwa hata mtandao ukiwa umekatika. Namba ulizojaza hukaa ndani ya kivinjari, zikisubiri mtandao urudi ndipo zitumwe. Hilo ni jambo jema, lakini lina hatari yake: ukifuta data za tovuti, ukaondoa kivinjari, au ukafuta jina la mtumiaji ndani ya kivinjari, namba zile zinapotea na hazirudi.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Angalia kama kuna fomu ambayo bado haijatumwa. Ikiwa ipo na mtandao unapatikana hata kwa dakika chache, iache itume kwanza.
2. Ikiwa mtandao haupo kabisa, nakili namba zote kwenye karatasi ya ripoti, mwenzako azisome kwa sauti na wewe uhakikishe.
3. Hifadhi rejesta za karatasi za mwezi huo mahali pakavu. Usizitupe kwa kuwa "tumeshaingiza kwenye kompyuta".
4. Ndipo uanze matengenezo.

Tafuta ugonjwa uko wapi

Mgonjwa akija na homa hatumpi dawa ya malaria kabla ya kipimo. Kompyuta nayo ipimwe kwanza. Jiulize maswali matatu:

Swali la kwanza: Je, simu iliyounganishwa kwenye waifai ile ile inafungua kurasa? Ikiwa nayo haifungui, shida iko kwenye ruta, kwenye bando au kwa kampuni ya simu, siyo kwenye kompyuta. Usihangaike na Windows.

Swali la pili: Je, kivinjari kingine kwenye kompyuta ile ile kinafanya kazi? Windows 11 huja na Edge ndani yake. Ikiwa Chrome inajifunga lakini Edge inafungua vizuri, mtandao ni mzima, mgonjwa ni Chrome.

Swali la tatu: Je, ni tovuti moja tu inayokataa, au zote? Ikiwa ni moja, huenda ni tovuti yenyewe iliyo na shida. Subiri, kisha ujaribu tena.

Majibu ya maswali haya matatu yatakuokoa saa nyingi.

Kivinjari kinapojifunga au kuganda

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukipona katika hatua mojawapo, simama hapo.

Hatua ya 1. Anzisha kompyuta upya. Tumia neno "Restart", siyo "Shut down". Watu wengi hawajui tofauti yake. Katika kompyuta nyingi, "Shut down" haizimi kila kitu. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili kompyuta iwahi kuwaka kesho yake, na kosa la leo huhifadhiwa pamoja nayo. "Restart" huanza yote upya.

Hatua ya 2. Sasisha kivinjari. Katika Chrome bonyeza vidoti vitatu vya juu kulia, nenda "Help", kisha "About Google Chrome". Kama kuna toleo jipya litaanza kupakuliwa lenyewe. Ukimaliza, funga kivinjari na ukifungue tena.

Hatua ya 3. Jaribu dirisha la faragha. Katika Chrome na Edge bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Katika Firefox ni Ctrl, Shift na P. Katika Chrome na Edge, dirisha hili hufunguka bila programu ndogo za nyongeza, isipokuwa zile ulizoziruhusu wewe. Ikiwa hapo kivinjari hakijifungi, basi moja ya nyongeza hizo huenda ndiyo yenye kosa. Rudi kwenye dirisha la kawaida, zima nyongeza zote, kisha uziwashe moja moja mpaka umpate mkosaji. Angalizo: usijaze ripoti ndani ya dirisha la faragha, kwa maana ukilifunga, vyote vilivyohifadhiwa humo hufutika.

Hatua ya 4. Angalia kumbukumbu ya kazi, ile mafundi wanayoiita RAM. Windows 11 inataka angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu hiyo na gigabaiti 64 za nafasi ya kuhifadhia. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kompyuta yenye gigabaiti 4 ikifunguliwa kurasa kumi, na muziki, na video, lazima ichoke. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona orodha ya programu na kiasi kinacholiwa na kila moja. Funga zisizohitajika. Wakati wa kujaza ripoti, acha ukurasa wa ripoti peke yake.

Hatua ya 5. Zima msaada wa kifaa cha picha. Vivinjari vya siku hizi humtwika mzigo wa kuchora kurasa mtambo wa picha wa kompyuta. Draiva ya picha ikiwa ya zamani, kivinjari huanguka, au ukurasa huwa mweupe au mweusi. Ndani ya Chrome nenda "Settings", kisha "System", uzime sehemu inayosema "Use graphics acceleration when available". Funga na ufungue tena. Ikiwa shida imekwisha, umeshajua kwamba draiva ya picha inahitaji kusasishwa.

Hatua ya 6. Safisha kumbukumbu ya muda. Bonyeza Ctrl, Shift na Delete. Weka alama kwenye "Cached images and files" peke yake. Usiweke alama kwenye sehemu inayotaja "cookies" na "site data", kwa kuwa hapo ndipo ripoti ambazo hazijatumwa zinapokaa.

Hatua ya 7. Kuondoa kivinjari na kukiweka upya ni hatua ya mwisho, na ifanyike tu baada ya ripoti zote kutumwa au kunakiliwa.

Mtandao unapokataa

Hapa pia anza na mambo mepesi.

Angalia saa na tarehe. Tovuti salama hutumia cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta ikidhani kwamba leo ni mwaka 2015, itaona cheti hicho bado hakijaanza kufanya kazi na itakataa kufungua, ikikuonya kwamba muunganisho si salama. Weka tarehe sahihi, mwaka sahihi, na majira ya mahali ulipo. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia majira ya saa 3 mbele ya yale ya dunia. Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo ni saa 2 mbele. Ikiwa tarehe inaharibika kila kompyuta inapozimwa, betri ndogo ya duara iliyo ndani yake imekwisha. Katika kompyuta nyingi za mezani ni betri ya aina ya CR2032, na fundi huibadilisha kwa muda mfupi.

Angalia hali ya ndege. Ikiwa imewashwa, waifai hulala. Angalia pia kama laptopu ina swichi ya waifai pembeni, na kama waya wa mtandao umekaa sawa.

Angalia kama bando limeliwa. Baada ya kupandishwa toleo, Windows huendelea kupakua masasisho kimyakimya. Kituo kinachotumia laini ya simu kinaweza kumaliza bando la mwezi kwa siku chache, kisha watu wakadhani mtandao umeharibika. Nenda "Settings", kisha "Network & internet", chagua mtandao unaotumia, na uwashe "Metered connection". Kompyuta itajua kwamba data inalipiwa, na masasisho makubwa yatapungua. Mara moja kwa wiki, mahali penye mtandao usio na kipimo, zima sehemu hiyo ili masasisho ya usalama yaingie. Usiyazuie milele.

Angalia anwani ya kompyuta. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha Enter. Katika dirisha jeusi andika ipconfig. Tafuta mstari wa "IPv4 Address". Ikiwa namba zinaanza na 169.254, maana yake kompyuta haikupewa anwani na ruta ikajipa yenyewe. Zima ruta, hesabu nusu dakika, iwashe, kisha unganisha tena.

Jaribu kugonga mlango. Katika dirisha lile lile andika ping 8.8.8.8. Ukipata majibu, njia ya kwenda nje iko wazi. Ikiwa majibu yanakuja lakini kurasa hazifunguki, huenda kompyuta imeshindwa kugeuza majina ya tovuti kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns, bonyeza Enter, kisha ujaribu tena.

Angalia draiva ya waifai. Ikiwa alama ya waifai imetoweka kabisa, mara nyingi ni draiva. Sasa utaipakuaje wakati mtandao haupo? Chukua simu, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, kisha katika simu washa ugawaji wa intaneti kwa njia ya waya. Kompyuta itapata mtandao bila kutumia waifai. Kisha fungua "Windows Update" uangalie draiva mpya. Njia nyingine ni kuipakua kwenye kompyuta nyingine, kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu hiyo, na kuileta kwa flashi iliyokaguliwa virusi.

Angalia programu za zamani. Programu ya modemu, kinga ya virusi ya zamani na programu za VPN huingia ndani kabisa ya njia ya mtandao. Zikiwa hazielewani na mfumo mpya, huziba njia. Zisasishe, au ziondolewe na anayesimamia kompyuta. Windows 11 ina kinga yake ya virusi, kwa hiyo ukiondoa ile ya zamani hubaki bila ulinzi. Usiweke kinga mbili zifanye kazi pamoja, hupigana.

Mwisho kabisa, weka upya mtandao. Sehemu ya "Network reset" iko ndani ya "Advanced network settings". Kazi yake ni kurudisha mipangilio yote ya mtandao kama ilivyokuwa mwanzo. Kabla ya kuibonyeza andika kando nywila ya waifai na mipangilio ya VPN, kwa sababu vyote hufutwa.

Je, tunaweza kurudi kwenye toleo la zamani?

Ndiyo, kwa muda. Kwa kawaida Windows 11 hutoa siku 10 za kurudi nyuma baada ya kupandishwa, kupitia "Settings", "System", "Recovery", kisha "Go back". Baada ya hapo mafaili ya zamani hufutwa. Uamuzi huo ni wa msimamizi wa takwimu, siyo wa mtu mmoja mmoja, kwa kuwa mfumo usiolindwa tena ni mlango wazi kwa wezi wa taarifa.

Jambo lingine: Windows 11 inataka kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Zipo kompyuta za zamani zilizopandishwa kwa ujanja bila kuwa nacho. Kompyuta ya namna hiyo ikisumbua kila siku, tatizo haliko kwa anayeitumia. Iandikwe katika ripoti ya vifaa.

Kompyuta ikilala, ripoti isilale

Hili ndilo neno kubwa la makala haya. Matengenezo yasichukue zaidi ya saa moja ya kazi yako. Saa hiyo ikipita, rudi kwenye karatasi na simu.

- Ukishuku kipindupindu, surua, au mtoto aliyelegea mkono au mguu ghafla, piga simu kwa msimamizi wako siku hiyo hiyo. Usingoje kivinjari.
- Ripoti ya wiki isomwe kwa simu, namba moja baada ya nyingine, na anayepokea azirudie.
- Ikiwa hakuna mgonjwa hata mmoja, toa taarifa ya sifuri. Sifuri ni habari. Ukimya si habari.
- Mtandao ukirudi, ingiza namba mara moja tu. Kwanza hakikisha kwamba mwenzako hajaziingiza, tusije tukahesabu mtoto mmoja mara mbili.

Siri ya mgonjwa ilindwe

Kompyuta ya kituo ina majina, umri, mahali watu wanapoishi na magonjwa yao. Kwa mkimbizi, taarifa hizo zikitoka zinaweza kumletea madhara makubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo:

- Usipeleke kompyuta kwa fundi wa sokoni bila idhini ya msimamizi.
- Ukipiga picha ya skrini kuonyesha kosa, hakikisha hakuna jina la mgonjwa linaloonekana.
- Likitokea tangazo linalosema kompyuta yako ina virusi na upige namba fulani, ni utapeli. Funga kivinjari. Usipige, usilipe, na usimruhusu mtu usiyemjua aingie kwenye kompyuta kwa njia ya mtandao.

Wakati wa kumpa rufaa

Ikiwa hatua zote zimeshindikana, andika mambo haya kwenye karatasi na umpe msimamizi: kompyuta gani, ilipandishwa toleo tarehe ngapi, kosa linasema nini neno kwa neno, linatokea kwenye kivinjari kimoja au vyote, simu inashika mtandao au haishiki, na hatua ulizokwisha kujaribu. Karatasi hiyo ni kama barua ya rufaa ya mgonjwa. Fundi akiipata hatarudia yale uliyofanya, na kompyuta itarudi mapema.

Kabla ya kupandisha kompyuta nyingine

1. Hakikisha ripoti zote zimetumwa na mafaili yamenakiliwa mahali salama.
2. Andika nywila za waifai na mipangilio yote ya mtandao, uitunze kwa siri.
3. Pakua draiva ya waifai mapema, uiweke kwenye flashi.
4. Sasisha au ondoa kinga ya virusi na VPN za zamani.
5. Chaji betri ijae. Umeme wa sola au jenereta ukikatika katikati ya kazi hiyo, kompyuta inaweza isiwake tena.
6. Usipandishe siku ya ripoti. Chagua siku inayofuata, ili kuwe na wiki nzima ya kurekebisha.
7. Pandisha kompyuta moja kwanza, itazame siku kadhaa, ndipo ufuate nyingine.

Ndugu zangu wahudumu, hatua hizi hazihitaji mtu awe amesoma ukompyuta. Zinahitaji utulivu, mpangilio na kuandika unachofanya, mambo ambayo tayari tunayafanya tunapopita nyumba kwa nyumba. Bandikeni ukurasa huu ukutani karibu na kompyuta, na mwenye kujua zaidi amfundishe mwenzake.

Kinga ni bora kuliko tiba.